Mshenga wa Mpiga Tarumbeta

Mpaka leo siwezi kukwambia kwa uhakika yule Mmarekani alizaliwa mji gani. Nilimuuliza mara nyingi, na kila jibu lilikuja na mji wake, mto wake na kiwanda chake kinachotoa moshi. Kuna siku alizaliwa chumba cha nyuma cha kinyozi. Kuna siku alizaliwa kanisani, kwa sababu gari la kumpeleka mama yake hospitali lilikwama kwenye theluji. Mimi ni mtu wa kuhesabu. Chenji nahesabu mara mbili, hata kama kanipa mama yangu mzazi. Lakini maisha ya mzee yule, kila nilipoyahesabu mara ya pili, jumla ilitoka nyingine.

Ningemwachia miji yake, tusingegombana. Lakini ilifika siku ikanibidi nisimame kwenye geti la watu huko Soweto, asubuhi ya baridi, nieleze mtu huyu ni nani na amezaliwa na akina nani. Jibu langu ndilo lingeamua kama anaoa au haoi.

Nilimfahamu mwaka 2015. Nilikuwa nauza mikanda, soksi na kava za simu kwenye barabara ya pembeni ya Joubert Park, na kabla ya hapo niliuza bidhaa hizo hizo Kariakoo, kwa hiyo mteja nampima kwa viatu kabla sijamtazama usoni. Akaja mzee mweusi, mrefu, koti la suti limepigwa pasi, viatu vya bei mbaya ambavyo vilikuwa vimepigwa viraka. Nikashindwa kumpima. Si wa hapa, kwa sababu wa hapa wananisalimia kwanza kwa Kizulu ndipo wanacheka. Si wa kwetu. Si Mzungu, tunaonana. Akachukua mkanda, akauliza bei kwa Kiingereza cha kwenye televisheni.

Nikamtajia bei ya kufungulia mazungumzo, ile ambayo hata mimi nikiitaja naona haya kidogo. Akatoa hela yote, akanipa.

Nikabaki nimeishika. Mtu akikulipa bei ya kwanza ni kama amekukatia simu. Hukupata nafasi ya kuapa, hukupata nafasi ya kumtaja mtoto wako anayeumwa. Dhamiri ikanisuta, nikamtupia na soksi jozi mbili za bure. Akashukuru sana, akasema watu wa Johannesburg ni wakarimu, akaenda zake.

Jioni nilimkuta kwenye korido ya nyumba niliyopanga Bellevue, anafungua mlango wa chumba kilichopakana na changu. Alikuwa amehamia mchana ule. Nyumba yenyewe zamani ilikuwa ya familia moja. Mwenye nyumba aliigawa kwa mbao nyembamba mpaka sebule ikawa vyumba vitatu, na ukuta uliotenganisha chumba changu na cha Mmarekani ulipita katikati ya meko ya kuotea moto. Nusu ya meko ilikuwa kwangu, nusu kwake. Moto hatukuwasha, ila sauti ilikuwa inapita humo kama tumekaa meza moja. Nilimsikia akikohoa, akipiga mswaki, akibishana na redio. Na kila asubuhi nilisikia tarumbeta.

Lakini haikuwa wimbo. Ilikuwa noti moja, ndefu, mpaka pumzi inamwisha. Halafu kimya. Halafu noti ile ile. Nikamhurumia: mzee wa umri ule ndiyo kwanza yuko somo la kwanza. Siku moja nikainama mekoni nikamuuliza.

"Mzee, noti ya pili utafika lini?"

"Hii ya kwanza nimekuwa nayo miaka hamsini, kijana," akajibu kutoka upande wake. "Bado haijakaa sawa."

Nilidhani ananitania. Jumapili akanichukua hadi hoteli moja Sandton alikokuwa akipiga wakati matajiri wanakula kifungua kinywa saa ya chakula cha mchana. Nilikaa nyuma karibu na mlango wa jikoni, nikamsikia. Sina elimu ya muziki. Naweza kusema tu kwamba wahudumu walipunguza mwendo, na mama mmoja aliyekuwa anakata soseji aliacha kisu hewani. Nikajua kumbe ile noti moja ya asubuhi ndiyo mtaji, mchana anatembeza biashara.

Kwa hiyo alikuwa mpiga tarumbeta wa kweli, wa jazi, tena wa siku nyingi. Hilo nililihesabu mara mbili na likabaki palepale. Yaliyobaki ndiyo yalinichanganya. Amefikaje Johannesburg? Kuna toleo la kwamba alikuja na bendi kwa maonyesho ya wiki moja, miaka ile nchi ilipopata uhuru wake, akaachwa na ndege kwa sababu ya mwanamke. Kuna toleo la kwamba aliachwa na ndege kwa sababu ya kidole tumbo. Toleo la tatu halikuwa na ndege iliyomwacha: alikuwa anaishi Copenhagen, amechoka na giza la saa tisa alasiri, akawa anapiga na mkimbizi wa Afrika Kusini mpiga gitaa la besi, na yule mkimbizi aliporuhusiwa kurudi nyumbani akamwambia twende ukaone jua. Mpiga besi akafa mapema. Jua likabaki, na yeye akabaki nalo.

Nikaamua kufanya naye ninachofanya na kila mtu. Anachotaja nikakichukulia kuwa bei ya kwanza, nikaanza kumshusha.

"Mzee, umepiga na wakubwa wa kwenu?"

"Nimesimama nao jukwaa moja."

"Wakati wanapiga?"

"Wengine walikuwa wanapiga."

"Na wewe unapiga?"

"Kuna mmoja nilipiga naye."

"Mmoja."

"Alikuwa na homa siku hiyo," akasema. "Lakini alikuwa yeye."

Hapo nikajua tumefika bei ya mwisho, nikamwacha. Nilichoweza kupata bila ubishi ni hiki: klabu za mjini alizokuwa akipiga zilifungwa moja baada ya nyingine, watu wakahamia vitongoji vya kaskazini na muziki wao, akafundisha watoto wa shule mpaka shule ikakosa bajeti, meno ya juu ya mbele yakamtoka, na mpiga tarumbeta mdomo ndio duka lake. Alivaa ya bandia. Kila yalipochongwa upya ilimbidi ajifunze ile noti ya kwanza tangu mwanzo. Dada yake Amerika alikuwa amekufa, au alikuwa mzee sana wa kusafiri. Hilo nalo lilikuwa na matoleo.

Nami kwa upande wangu nilijaribu kumfundisha kuishi. Nikamwambia: ukitajiwa bei, toa nusu. Wakikataa, sema asante, geuka, ondoka polepole. Ukifika hatua chache utasikia, "Njoo basi, rudi!" Mgongo ndio unaonunua, mdomo ni wa salamu tu. Akanielewa. Kesho yake akaenda kwa mama muuza nyanya wa kona, Mzulu mtu mzima, akampa nusu bei, akasema asante, akageuka, akaondoka polepole. Akafika nyumbani bila nyanya.

"Hakuniita," akasema.

"Ulienda haraka."

"Nilienda kama nimevunjika nyonga."

Sikulitilia maanani. Nilidhani kosa ni la mgongo wake.

Mwanamke mwenyewe, huyo wa geti la Soweto, alimkuta mzee pale hotelini. Alikuwa nesi mstaafu wa Soweto, amekuja na wenzake kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Wote walimpigia makofi Mmarekani, yeye akamfuata baadaye wakati anafuta tarumbeta, akamwambia, "Baba, ule wimbo wa mwisho umeupiga umechoka. Nenda kalale." Mzee alirudi Bellevue anang'aa. Alisema amezunguka mabara matatu anatafuta mtu wa kumwambia ukweli kuhusu wimbo wa mwisho, na kumbe alikuwa Soweto anapima watu presha.

Wakaendelea, mwaka ukapita. Akataka waoane. Yeye alifikiria waende ofisini, watie saini, wanywe chai. Nesi akakataa.

"Mimi si gazeti la kuokotwa kwenye kiti cha teksi," alimwambia, mbele yangu, kwenye korido yetu. "Nina shangazi. Nina kaka. Mtu anayenitaka atume watu wake nyumbani, wakae na watu wangu, wazungumze lobola, mahari yangu."

"Nitakuja mwenyewe."

"Huruhusiwi kuja. Bwana harusi hazungumzi. Haingii hata getini. Watu wake ndio wanaokuja."

Mzee akageuza funguo zake mkononi. Watu wake. Na wakati ule alikuwa na umri wa miaka sabini na kidogo, alikuwa peke yake katika nusu meko, na huyu mama ndiye aliyekuwa amebaki kati yake na kuzeeka akiongea na redio. Hilo hakunificha, na katika hilo hakuwa na toleo la pili. "Nikimkosa huyu," aliniambia usiku ule kupitia mekoni, "narudi kwenye nchi ambayo hakuna anayenisubiri uwanja wa ndege."

Halafu akauliza: "Nasikia kwenu pia kuna mtu anayekwenda kumwombea mwenzake mke."

"Mshenga."

"Wewe unajua kupatana bei."

"Mzee, kupatana mkanda si kupatana mke."

"Tofauti iko wapi?"

Nikafikiri. "Mkanda unaweza kurudishwa."

Lakini nilikuwa nimeshakubali, na alijua.

Mmoja hatoshi, akasema nesi, waende angalau wawili. Wa pili tukampata chumba cha mbele: Mkongo wa Uvira, fundi cherehani, mwalimu wa kwaya kwenye kanisa lao, mtu ambaye hata kwenda dukani kununua mkate anavaa tai. Nilipomweleza alikaa juu ya kitanda akashika kichwa.

"Papa, Mutanzania na Mukongomani, sisi ndiyo familia ya Muamerika?"

"Ndiyo sisi."

"Mungu iko na kicheko," akasema. Halafu akatoa futi ya kupimia, akaanza kunipima mabega, kwa sababu kwa vile nilivyovaa, alisema, wangenikataa mimi kabla ya kumkataa bwana harusi.

Nesi akatupa somo. Mfike mapema. Msimame nje ya geti. Msibonyeze kengele, mpaze sauti, mtaje ukoo wa bwana harusi na majina yake ya sifa: huyu ni wa fulani, wa fulani, waliovuka mto fulani. Mngoje wafungue. Wanaweza kuchelewa makusudi. Mkishaingia mweke mezani chupa ya pombe, ya kufungua mdomo, ndipo mazungumzo yaanze.

Nikaenda kwa Mmarekani. "Mzee, majina ya ukoo wako."

Alikuwa anapaka mafuta vitufe vya tarumbeta. Akaendelea kupaka muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

"Jina langu la ukoo," akasema, "ni la mtu aliyemnunua babu wa babu yangu. Hilo usilipaze getini kwa watu."

Sikujua nitie wapi mikono yangu. Katika kupatana kote huko na yeye sikuwahi kufika mahali hapo. Mwishowe nikasema, basi nipe chochote, nipe aliyekufundisha. Hapo akachangamka. Akaniambia kuhusu kinyozi aliyepiga tarumbeta kwenye maziko ya mtaa wao, kinyozi akamfundisha mtoa barua, mtoa barua alikuwa na pafu moja lakini pumzi za watu wawili, na yeye ndiye aliyemshika Mmarekani tumbo akiwa mtoto akamwonyesha pumzi inakaa wapi. Nikayashika yote kichwani. Nikaona mali hiyo, inatosha geti lolote.

Nisichojua ni kwamba jioni ile alikwenda kwa fundi kujaribu koti la harusi, na fundi naye akamuuliza. Fundi akapewa bibi aliyepiga tromboni kanisani, na mjomba mpishi wa melini. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika kwamba aliyoambiwa yeye ndiyo ya kweli, kwa hiyo hatukuona sababu ya kulinganisha.

Jumamosi yenyewe Mmarekani akatuendesha kwa gari lake kuukuu. Tulimwambia abaki Bellevue, akasema atakufa kwa kungoja. Tukakubaliana aegeshe mbali kidogo, jirani na spaza, kiduka cha mtaa ule, mahali anapoliona geti lakini geti halimwoni. Alikuja na tarumbeta. Mpango wake ulikuwa huu: tukitoka nje, maana yake mambo yamekwisha, yeye ashuke apige, mtaa ujue.

"Na tusipokubaliwa?" nikauliza.

"Basi msitoke," akasema.

Baridi ya Soweto mwezi wa sita inapita kwenye soksi, na ninajua ubora wa zile soksi kwa sababu nilikuwa naziuza. Tukasimama getini. Nikakohoa, nikapaza sauti kwa Kiingereza changu na Kizulu cha sokoni: tumetoka kwa mwana wa kinyozi aliyepiga mazikoni, kinyozi aliyemfundisha mtoa barua, mtoa barua mwenye pafu moja! Pazia likatikisika. Nikapata nguvu, nikarudia. Ndipo fundi naye akapanua kifua cha kwaya.

"Na wa bibi mwenye tromboni! Na mujomba wa kwenye meli!"

Nikamtazama. Akanitazama. Pazia likatulia.

"Bibi gani?" nikamnong'oneza kwa Kiswahili.

"Kinyozi gani?" akanijibu.

Tuliachwa pale mpaka miguu ikafa ganzi, ndipo kaka wa nesi akaja kufungua. Ndani walikuwa wawili: yeye kaka, ambaye kwa jina ndiye aliyekuwa msemaji, na shangazi, ajuza mwenye blanketi mabegani, Gogo kama wanavyomwita bibi huko, ambaye ndiye aliyekuwa anasema. Nesi alikuwa jikoni, haonekani, lakini vyombo vilikuwa vinagongwa kwa namna ya mtu anayesikiliza. Tukaweka chupa. Mdomo ukafunguka.

"Nyinyi ni Wamarekani?" akauliza shangazi.

"Hapana, Gogo. Mimi Mtanzania. Huyu Mkongo."

"Na anayetaka kuoa?"

"Mmarekani."

"Hakuna Mmarekani mwingine aliyeweza kuja?"

"Hatukuwa na mwingine, Gogo."

Kaka akakohoa kicheko. Shangazi hakukohoa.

"Huyo kinyozi ni nani wake?"

"Mwalimu wake," nikasema.

"Mujomba," akasema fundi, wakati mmoja na mimi.

"Alizaliwa wapi?"

Tukajibu pamoja tena, miji miwili tofauti. Nikasikia chombo kikianguka jikoni.

Shangazi akavuta blanketi. "Wanangu, nyinyi mnamjua huyu mtu?"

"Tunaishi naye nyumba moja, Gogo."

"Sikuuliza mnalala wapi."

Ukweli ni kwamba nilimjua. Nilijua anakohoa vipi akiwa na huzuni, nilijua noti yake ya asubuhi ikitoka vizuri atavaa koti la kijivu. Lakini hayo si mambo ya kupaza getini. Kaka, nadhani kwa kutuonea huruma, akaruka hadi upande wa ng'ombe wa lobola, ambao siku hizi hulipwa kwa hela. Akataja idadi yao, na thamani ya kila mmoja.

Sitaki kukudanganya, nilifarijika. Hatimaye limekuja jambo ninalolijua. Ukoo sijui, miji sijui, lakini bei najua. Nikatoa nusu.

Kimya. Sawa, kimya nakijua. Kimya ni sehemu ya biashara. Kaka akatazama sakafu, shangazi akanitazama mimi. Nikasubiri kiasi chake, halafu nikafanya kile ambacho mikono, miguu na ukoo wangu wote wa Kariakoo wangefanya. Nikasimama, nikasema asanteni kwa kutupokea, nikamvuta fundi mkono wa koti, nikageuka, nikaanza kuondoka polepole.

Nilitembea na mgongo ukiwa wazi kama sikio. Kutoka sebuleni hadi barazani, hakuna. Barazani hadi bomba la maji, hakuna.

"Papa, sisi tunaenda wapi?" fundi akauliza.

"Watatuita."

"Nani amekuambia?"

"Huwa wanaita."

Tukafika getini. Tukatoka. Nikasikia komeo likisukumwa nyuma yetu, taratibu, bila hasira, kama mtu anayefunga kwa sababu ni kawaida kufunga. Nikakumbuka nyanya. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mgongo wa Mmarekani haukuwa na kosa lolote.

"Umemukatalia mwanamuke yao," fundi akasema. Uso wake ulikuwa umekwisha. "Umesimama, umekatala. Kwetu iko vile vile, hata Uvira. Mutu hasimame!"

Na wakati huo huo, kutoka upande wa spaza, ikaja ile noti.

Alikuwa ametuona tumetoka. Kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Alisimama katikati ya barabara na kofia kichwani, akaishika noti yake ya asubuhi, ndefu, na sitasahau, siku ile ilikaa sawa. Halafu akaiachia ikageuka wimbo. Fundi akakimbia kumwelekea akipunga mikono yote miwili: acha, acha! Lakini mikono ya mwalimu wa kwaya haijui kukataza. Mmarekani akaona anaongozwa, akafuata mikono, akaongeza kasi.

Milango ikafunguka. Mama mmoja akatoka na ufagio, akauliza kuna nini. Kijana wa spaza akasema, wametoka pale, kwa nesi, ni lobola. Mama akaangusha ufagio akapiga vigelegele. Jirani yake akampokea. Kabla sijapata mahali pa kujificha mtaa ulikuwa nje, wanawake na blanketi zao wanacheza mbele ya geti lililofungwa, wanaita, "Nesi! Nesi wetu! Hatimaye!" Mimi nimesimama katikati na suti mpya, watu wananipa mkono wa pongezi, na ninaupokea. Ungefanya nini?

Komeo likafunguliwa. Shangazi akatoka. Nyuma yake, mlangoni, nikamwona nesi kwa mara ya kwanza siku ile, taulo la jikoni begani. Hakuwa analia wala hakuwa anacheka. Alikuwa anamtazama yule mzee barabarani kwa namna anavyotazama kipimajoto.

Tarumbeta ikanyamaza. Shangazi akamtazama Mmarekani, akatazama mtaa mzima unaomtakia heri, akanirudia mimi.

"Nani amempa ruhusa ya kupiga baragumu kwenye mtaa wangu kabla sijamaliza kuzungumza?"

"Hakuna, Gogo."

"Na nani aliwaambia mnyanyuke mimi bado nimekaa?"

"Hakuna, Gogo."

"Faini," akasema. "Mbuzi kwa kelele. Blanketi kwa kunyanyuka, jipya, zito, si haya mnayouza barabarani. Mtarudi navyo Jumamosi ijayo."

Nikafungua mdomo. Fundi akanikanyaga mguu kwa kiatu chake kilichong'arishwa. Nikaufunga. Katika maisha yangu ya biashara hiyo ndiyo bei ya kwanza niliyowahi kuikubali ilivyotajwa, na nilijisikia kama nimekatiwa simu.

Ndani ya gari Mmarekani akauliza, "Wamekubali?"

"Umetozwa faini."

"Maana yake wamekataa?"

"Sijui."

"Walitabasamu?"

"Majirani ndio."

Kwenye kila taa za barabarani, ambazo huku ni roboti, kutoka Soweto hadi Bellevue, zikiwa nyekundu, aligeuka akauliza tena kwa namna nyingine, na mimi nikajibu tena sijui, kwa sababu kweli sikujua. Fundi alikuwa nyuma, anaomba kwa sauti ya chini. Jioni nesi akapiga simu. Nilisikia kupitia mekoni, Mmarekani alikuwa ameweka simu kwenye spika. Nesi alicheka mpaka akakosa pumzi. "Wangewakataa," akasema, "wangewaacha mwende zenu, wasidai hata mbuzi. Nani anamtoza faini mtu asiyemtaka tena?"

Jumamosi iliyofuata tulirudi na mbuzi, ambaye alikula kipande cha tai ya fundi njiani, na blanketi zito. Tulipofika getini nikajaza pafu nianze na kinyozi, shangazi akaninyamazisha kwa mkono kutoka barazani.

"Acha vinyozi. Nimewauliza ametoka kwa nani, mkaniletea hadithi. Sasa nimeona mwenyewe. Ametoka kwenu." Akatunyooshea kidole, mimi kisha fundi. "Akimpiga binti yangu nitawatafuta nyinyi. Akifa nitawaita nyinyi. Ingieni."

Ng'ombe tulizungumza nikiwa nimekaa. Walishuka kidogo, sijui kwa nini, maana sikufanya chochote.

Wakaoana, na Mmarekani akahamia Soweto kwa nesi mwaka ule ule. Nusu ya meko ikachukuliwa na kijana wa Burundi ambaye hatoi sauti yoyote, na asubuhi za kwanza nilikuwa naamka mapema bila sababu. Mmarekani aliacha hoteli. Akawa anapiga kwenye harusi na maziko ya mtaa ule, wimbo wa mwisho akiupiga kwanza kabla hajachoka. Anazeeka na mtu wa kumwambia akalale.

Mimi ndiye ambaye hadi sasa sielewi nimeingia mkataba gani. Nilikwenda kumshushia mtu bei. Tangu siku ile simu yangu haikai. Kuna kuzindua jiwe la kaburi la babu, leteni kinywaji. Mtoto wa binamu amemaliza chuo, njooni mmoja wenu aseme neno. Kaka mtu ameanguka bafuni, familia ya Mmarekani mko wapi? Nafunga meza yangu pale Joubert Park, nampitia fundi, tunakwenda. Tunaitwa wakwe.

Mapema mwaka 2019 shangazi alipiga mwenyewe. Kulikuwa na shughuli ya familia, anataka kujua apike nyama kiasi gani. "Kwenu mko wangapi?" akauliza.

Nikaanza kuhesabu: mimi, fundi, mke wa fundi, watoto wao. Nikafika kwa Mmarekani nikakwama. Alikuwa anakaa kwao, anakula kwao. Lakini ametoka kwetu, shangazi mwenyewe alisema. Nikamwambia Gogo anisubiri, nikampigia mzee kwa simu yangu ya pili.

"Mzee, nikuhesabu upande gani? Wetu au wao?"

Alikuwa na tarumbeta mdomoni, nilisikia akiitoa.

"Kote," akasema.

Nikamrudia shangazi, nikamtajia idadi. Nilikuwa nimemhesabu mara mbili.